"Makutano" na "Njia Panda" katika Stesheni ya Maibara

Miongoni mwa miswada iliyoletwa kwetu ili kusanifiwa imo tafsiri ya kitabu cha jiografia ya Japani kwa shule za sekondari. Kwa jumla tafsiri ni nzuri, na Kiswahili chake ni cha mtu ajuaye kuandika. Ila sura inayohusu Maibara, mji wenye wakazi wasiofika 40,000 katika mkoa wa Shiga, imetushughulisha kuliko zote, kwa kuwa humo mfasiri ametumia istilahi moja, makutano ya reli, kwa kila jambo litendekalo katika stesheni ya mji huo. Walimu wataisoma na wanafunzi wataikariri. Kwa hiyo tumeona heri tuijadili kabla haijapigwa chapa.

Stesheni ya Maibara ilifunguliwa Julai 1889, pamoja na kipande cha mwisho cha njia ya Tokyo hadi Kobe. Kabla ya hapo abiria walikuwa wakipanda meli kati ya Nagahama na Otsu, wakavuka ziwa Biwa, ndipo wakarejea garini. Tangu mwaka huo, njia itokayo Kyoto ikifika Maibara hugawanyika: tawi moja laelekea mashariki hadi Nagoya, la pili kaskazini katika nchi ya Hokuriku. Hiyo ni panda hasa, kama panda ya mti. Treni ya haraka iitwayo Shirasagi, itokayo Nagoya kwenda Tsuruga, huingia Maibara kwa kichwa na kutoka kwa mkia: huendeshwa kutoka upande wa pili, na abiria huinuka wakageuza viti vyao. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa hapo ni "makutano" hataelewa kwa nini viti vigeuzwe. Mwambie ni njia panda, na kwamba treni imeshuka kwa utagaa mmoja nayo yataka kupanda mwingine, ataelewa bila ya kuchorewa picha.

Wako watakaosema kwamba njia panda ni neno la barabara, tena lina harufu ya uganga, kwa kuwa ndipo watu walipotupa makafara. Hoja hii hatuipi uzito. Karibu na Himo, mkoani Kilimanjaro, watu huishi mahali paitwapo Njia Panda na hawaoni haya kupataja.

Kosa kubwa zaidi limo katika aya ya Shinkansen. Mfasiri anaandika kwamba tangu Oktoba 1964 Maibara imekuwa "makutano ya reli ya zamani na reli ya mwendo kasi". Sivyo. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1067, ya Shinkansen ina milimita 1435. Zimelazwa ubavu kwa ubavu, na hakuna behewa litokalo katika moja likaingia katika nyingine. Wanaokutana hapo ni abiria. Hushuka na mizigo yao, wakapanda ngazi, wakashukia jukwaa jingine. Hata katika reli ya zamani yenyewe, tangu kampuni mbili, ya Kati na ya Magharibi, zilipogawana njia hiyo mwaka 1987, Maibara ndiyo mpaka wao, na treni nyingi za kawaida huishia hapo ingawa reli yaendelea. Wajapani wana neno norikae-eki kwa stesheni ya kubadilishia treni, na bunki-eki kwa stesheni ambapo njia hugawanyika. Maibara ni vyote viwili, lakini kwa sababu mbili mbalimbali. Mfasiri wetu alifasiri kutoka Kiingereza, ambamo neno moja limezoea kubeba mizigo yote, naye akalifuata. Hatumlaumu sana; sisi wenyewe tumefanya hivyo mara nyingi.

Twapendekeza basi stesheni ya njia panda pale reli zigawanyikapo, na stesheni ya kubadilishia pale msafiri alazimikapo kushuka. Neno makutano lisitumike ila pale reli zenyewe zinapokutana.

Liko na suala la jina. Mfasiri ameona katika kitabu "Maihara" na "Maibara", akadhani moja ni kosa la chapa, akasahihisha yote yawe "Maibara". Herufi za Kijapani ni zile zile, lakini hadi mwaka 2005 mji uliitwa Maihara ilhali stesheni yake iliitwa Maibara. Miji mitatu ilipounganishwa mwaka huo kuwa mmoja, ndipo matamshi ya stesheni yalipochukuliwa kuwa jina la mji. Mji umelifuata jina la stesheni yake, na usahihishaji wa mfasiri umelifuta jambo hilo. Maihara irudishwe kila panapozungumzwa habari za mji kabla ya 2005.

Limebaki suala la Kidatu, ambapo reli ya TAZARA, yenye upana ule ule wa milimita 1067, hukaribiana na reli yetu ya milimita 1000, na mizigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Katika kielezo cha chini mfasiri amepaita makutano pia. Kwa kanuni tuliyoitoa hapo juu si makutano wala si njia panda, na "kubadilishia" ni kwa abiria. Kwa sasa tumeandika stesheni ya kuhamishia mizigo. Wafanyakazi wa reli wenye neno lao wenyewe kwa kazi hiyo tunawaomba watuandikie.