Kompaila ya Mac Haijaharibika, Imepotezwa Njia

Umesasisha macOS usiku. Asubuhi unaandika git kwenye terminali, unajibiwa: "xcrun: error: invalid active developer path". Wengi wakifika hapo hufuta kila kitu na kusakinisha upya, bando likaishia humo. Hakuna haja.

Faili ya /usr/bin/git kwenye Mac si Git yenyewe, ni dalali tu. Ndivyo zilivyo pia clang na make zilizomo humo. Ukiziita, xcrun huulizwa zana halisi ziko wapi, nayo hufuata anwani iliyoandikishwa, mara nyingi /Library/Developer/CommandLineTools. Sasisho kubwa likiivuruga saraka hiyo, anwani hubaki vilevile, na dalali anakupeleka kwenye nyumba iliyokwisha bomolewa. Amri ya xcode-select -p itakuonyesha anwani yenyewe. Nayo xcode-select --install itarudisha zana. Kama una Xcode kamili pia, chagua mojawapo kwa sudo xcode-select --switch.

Hiyo ndiyo nyepesi. Inayosumbua hasa ni "'stdio.h' file not found", maana hapo kompaila ipo na inafanya kazi, ila haioni faili ya msingi kabisa ya lugha ya C. Zamani zana hizi ziliposakinishwa, faili za aina hiyo ziliwekwa /usr/include. Mwaka 2018, toleo la Mojave liliuacha utaratibu huo, faili zikabaki ndani ya SDK. Apple ilitoa kifurushi cha kuzirudisha kwa muda. Catalina ya 2019 ikakiondoa. Makefile ya zamani iliyotaja /usr/include basi inatafuta mahali patupu. Na usidanganyike na ushauri wa kutengeneza kiungo humo kwa ln -s: tangu 2015 mfumo wenyewe unailinda /usr, hata sudo haifui dafu.

Clang ya /usr/bin hupewa SDK na xcrun bila wewe kujua. Ukiiita clang nyingine moja kwa moja, msaada huo huupati, kwa hiyo itajie mwenyewe:

export SDKROOT="$(xcrun --show-sdk-path)"

Kisha futa mabaki ya jaribio la kwanza na uanze ujenzi upya, kwa sababu skripti ya configure, ile inayokagua mashine kabla ya ujenzi, huweza kuwa imeshahifadhi majibu mabovu.

Tukiitaja configure, ule ujumbe wake wa "C compiler cannot create executables" hausemi lolote la maana. Fungua config.log, tafuta kosa la kwanza, si la mwisho. Pengine utakuta ni leseni ya Xcode tu haijakubaliwa, jambo linalomalizwa na sudo xcodebuild -license.

Ukikwama kabisa, usimtumie mwenzako picha ya mstari wa mwisho. Mpe jibu la xcode-select -p, la xcrun --show-sdk-path, na kosa la kwanza lilivyoandikwa, neno kwa neno.