Uaminifu na Usaliti katika EVE Online

Uaminifu hupimwa vyema pale ambapo usaliti umeruhusiwa. Katika EVE Online, mchezo wa intaneti uliozinduliwa mwaka 2003 na kampuni ya Aisilandi, muungano wa Band of Brothers ulivunjwa Februari 2009, si kwa mizinga ya maadui, bali na kiongozi wake mmoja aliyehamia upande wa GoonSwarm. Alitumia mamlaka aliyokabidhiwa na wenzake. Katika Utendi wa Fumo Liyongo vilevile, shujaa mwenyewe ndiye anayemfichulia mwanawe siri ya sindano ya shaba. Tofauti imo katika hatima: utendi humwadhibu mwana kwa maradhi na mauti, ilhali kanuni za mchezo hazikumwadhibu msaliti. Kwa hiyo, kinyume na dai kwamba michezo hii ni mzaha mtupu, anayebaki mwaminifu humo hufanya hivyo kwa hiari, si kwa hofu.