Kazi Iliyomalizwa Mapema

Anayetaka kujua uzuri wa tovuti tuli, ile ambayo kurasa zake huundwa mapema, aijaribu akiwa Kabasa, pale Bunda, siku ambayo umeme umekatika na bando limekwisha. Maadamu kompyuta mpakato ina chaji, kazi inaendelea. Hugo, programu ya kutengeneza tovuti hizo iliyoanzishwa na Steve Francia mwaka 2013, ni faili moja tu. Ukishaipakua, hata kama ni mjini Musoma, hudaiwi tena intaneti, na haihitaji hifadhidata wala seva ya kukodi.

Unaandika amri moja, folda zinajipanga: content ya maandishi, static ya picha, layouts ya sura ya kurasa. Hiyo ya mwisho ndiyo humtoa jasho anayeanza, maana ikiwa tupu na hakuna sura ya kuazima, haonyeshwi kitu. Ndani ya content unafungua faili; tuseme ni ya maneno ya Kijita na maana zake. Juu kunakaa kichwa, tarehe na alama kwamba hii bado ni rasimu. Unaandika hugo server -D ili rasimu nazo zionekane, kisha unafungua localhost:1313 kwenye kivinjari. Raha yenyewe iko hapo. Unasahihisha herufi moja, unahifadhi, na ukurasa umeshabadilika. Jioni nzima inaweza kuishia kwenye rangi ya vichwa vya habari, na sioni ubaya.

Tovuti ya WordPress, kwa kawaida, huunda ukurasa pale msomaji anapobisha hodi: PHP iamke, hifadhidata iulizwe, jibu lipangwe. Tovuti tuli ni mama ntilie aliyekwisha kuivisha. Mteja akifika, ni kupakua tu. Kurasa za kwanza za Tim Berners-Lee, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa hivyohivyo.

Ukimaliza, ondoa alama ya rasimu; amri ya hugo peke yake hukusanya kila kisicho rasimu kwenye folda ya public. Wengi hukimbilia kuipandisha mtandaoni. Mimi nasifu zaidi flashi. Kwenye hugo.toml, weka relativeURLs na uglyURLs ziwe true, la sivyo viungo vitakwama; kisha nakili folda hiyo, na kompyuta ya shule isiyo na mtandao kule Butiama itaifungua bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Kwa hiyo wewe kijana wa Mara uliye na kompyuta moja na bibi anayekijua Kijita, usingoje mkongo wa intaneti ufike kijijini. Anza na faili moja, usiku wa leo.