Programu ya Kisomo Hupimwa kwa Sikio

Nimechoka kusikia programu mbovu za kisomo zikisifiwa kwa rangi zake. Juzi hapa Kikatiti moja ilipigiwa makofi: sungura anaruka, nyota zinamwagika, na mama mwenye wajukuu anaambiwa, "Hongera, mtoto mzuri!" Onebillion na Kitkit School, zilizogawana tuzo ya Global Learning XPRIZE mwaka 2019 baada ya kujaribiwa kwa Kiswahili vijijini Tanga, ni kazi safi, lakini zilitengenezewa watoto. Mtu mzima anataka kusoma ujumbe wa pesa kwenye simu, kipimo cha dawa ya mahindi, daftari la Vicoba.

Acha picha. Fumba macho, usikilize. Programu ikisoma "mtu" ikatoka "mutu", irudishe ilikotoka. Halafu iandikie majina ya huku kwetu: Ngurdoto, Ng'iresi, King'ori. Programu nyingi huanguka kwenye King'ori. Zitatamka "Kin-gori", maana aliyezitengeneza aliiona ritifaa kama uchafu wa uchapaji. Na hapo mwanakisomo mwenyewe bado hajaandika. Kibodi ya simu huficha ritifaa ukurasa wa pili, na simu nyingine huiweka iliyopinda wakati programu inasubiri iliyonyooka. Mfugaji anaandika "ng'ombe" sawasawa kabisa, anapigiwa mkasi mwekundu wa kosa. Anajaribu tena, mkasi tena. Kesho haji, nanyi waratibu mtaandika kwenye ripoti kwamba mahudhurio yameshuka kwa sababu ya mvua. Programu ya fundi huipa ng' kitufe chake, na ritifaa zote mbili huzipokea bila kelele.

Mjanja mmoja alituletea wanakisomo "wanaosoma" baada ya wiki mbili. Mwalimu mstaafu wa MUKEJA, mpango wa elimu ya watu wazima, akasogea, akafunika picha kwa kiganja, akauliza neno ni lipi. Kimya. Walikuwa wakisoma picha ya jembe.

Muziki wa chinichini: hapana. Kushindanisha watu kwa alama: hapana. Sauti iwe ya mtu mzima, na ya mwanamke ni bora. Msiniulize kwa nini. Isiyofanya kazi bila intaneti haina mjadala.

Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, tulikuwa na chaki tu. Lakini vitabu vya mradi wa UNESCO kule Mwanza, ulioanza 1968, vilifundisha kusoma kwa pamba na migomba, na baadaye waliohitimu walikuwa na gazeti lao, Elimu Haina Mwisho. Mwandishi alijua anamwandikia mkulima. Kufikia 1986 wasiojua kusoma nchini walitajwa kuwa chini ya asilimia 10. Wapo wanaoibishia takwimu hiyo. Vitabu vile sijasikia anayevibishia.

Mratibu wa kata, kabla hujasaini hati ya kupokea vishikwambi vyenye programu hizi, zima data, umpe kimoja mwanakisomo mwenyewe. Si mwezeshaji.