Kiitikio ni cha Nani? Uchambuzi wa Uimbaji wa Kwaya za Parokia

Lau sharia aliyoitoa Papa Pio wa Kumi tarehe 22 Novemba, 1903, juu ya muziki wa kanisa ingalitekelezwa leo neno kwa neno katika parokia yoyote ya Songea, Mwanza au Mombasa, asingalibaki mwanamke wa kuimba sauti za juu wala ngoma ya kuzisindikiza. Kwani sharia ile iliwaondoa wanawake katika kwaya, kwa hoja ya kuwa mwimbaji hushika huduma halisi ya liturujia, huduma ambayo wakati ule haikuwa yao, ikaagiza sauti hizo ziimbwe na wavulana, ikakataza piano, na pamoja na piano ikazitaja ngoma, matoazi na njuga kuwa ni vyombo vya makelele visivyostahili nyumba ya ibada. Tukiitazama kwaya ya leo, ambayo akina mama na mabinti ndio nguzo ya sauti ya kwanza na ya pili, na ambayo ngoma na kayamba huketi kando ya kinanda pasipo mtu kustaajabu, twaona dhahiri kwamba kati ya mwaka ule na huu wetu pamefanyika kazi kubwa. Na kazi hiyo, ingawa aghalabu husimuliwa kana kwamba ni habari ya amri za Roma peke yake, ilikuwa pia kazi ya mafundi: kazi ya kuandika noti, ya kupima maneno, na ya kugawa wimbo baina ya wachache waliojifunza na wengi wasiojifunza.

Amri zenyewe tuzipite upesi. Mwaka 1955 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliruhusu wanaume na wanawake kuimba pamoja pale ambapo kwaya ya wavulana haipatikani, maadamu wasimame nje ya patakatifu. Mwaka 1958, kule Kamina katika nchi ya Waluba, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na wavulana na walimu wa shule, waliipa Misa ya Kilatini miziki ya kwao, wakaiita Missa Luba. Na la kuangaliwa sana na fundi ni kwamba muziki ule ulizaliwa katika mazoezi wala haukutungwa mezani, juu ya miundo ya nyimbo ambazo waimbaji walikwisha kuzijua, hata Hosana ikaenda kwa mwendo wa ngoma ya Kasai. Kisha ikaja hati ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, tarehe 4 Desemba, 1963, iliyoagiza kwaya zikuzwe kwa bidii, na papo hapo ikataka waamini wote waweze kushiriki kwa sauti zao. Na katika mwaka huo huo Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu chake juu ya sharia za Kanisa na muziki wa Kibantu, akipima neno kwa neno ni kiasi gani sharia ile ilimruhusu Mwafrika kumwimbia Mungu kwa muziki wake. Maagizo mawili ya Mtaguso, kukuza kwaya na kuwaimbisha watu wote, yaliandikwa katika kifungu kimoja. Lakini kila mwalimu wa kwaya ajua kwamba si wepesi kuyatimiza yote mawili katika Misa moja.

Chombo cha kwanza cha kazi hii kilikuwa karatasi. Katika miaka ya 1840 Mchungaji John Curwen wa Uingereza aliuchukua mfumo uliobuniwa na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, akautengeneza upya kwa ajili ya watoto wa shule za Jumapili na watu wa kazi ambao hawakuwa na fedha za kununulia vitabu vya noti za mistari mitano. Na mfumo huo wa solfa ukasafiri pamoja na wamisionari na walimu mpaka Madagaska, Afrika Kusini na huku kwetu. Herufi saba tu zatosha, d r m f s l t; kistari cha wima husimama mbele ya pigo zito, nukta mbili mbele ya pigo jepesi, kistari cha kulala huendeleza sauti, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, na alama ndogo iliyo juu au chini ya herufi huonyesha kwamba sauti imepanda au imeshuka oktava nzima. Mstari kama huu, | d : r | m : – | s : m | d : – |, waweza kuandikwa kwa taipureta yoyote, ukakatwa kwenye stensili, ukarudufiwa, na jioni ile ile mwalimu wa kigango akawa na nakala za kutosha sauti zote nne. Juu ya ukurasa huandikwa Do ni G, au Do ni F. Mwalimu huitafuta do kwenye kinanda, au kwa filimbi ndogo ya mfukoni, au kooni mwake mwenyewe akiwa hana kitu, na tangu hapo mwimbaji hahitaji kuijua sauti kwa jina lake thabiti, bali kwa ujamaa wake na do.

Wanaoidharau solfa, na siku hizi wako, husema kwamba ni hati ya watu wasiosoma muziki. Mimi naona kinyume: ndiyo iliyomfanya mkulima na karani na muuza duka waimbe kwa sauti nne bila chombo chochote, jambo ambalo makanisa mengi tajiri ya ng'ambo hayaliwezi. Dosari yake iko mahali pengine. Hati hii iliumbwa kwa mapigo yaliyogawanyika sawasawa, mawili mawili au matatu matatu. Lakini ngoma zetu hupenda kushika mawili na matatu kwa wakati mmoja, huyu akipiga sita kwa mafungu mawili na yule akipiga sita hizo hizo kwa mafungu matatu. Mtunzi aliyefundishwa kwa solfa akaandika mapigo yaliyonyooka. Kwaya, ikiisha kuzoea wimbo, ikayapinda kwa mazoea ya masikio yake. Karatasi ikasema hivi na waimbaji wakaimba vile, na mara nyingi haki ilikuwa upande wa waimbaji.

Hapa twafika penye kiini cha jambo, nacho ni mkazo wa maneno. Washairi wa pwani hawakuhesabu mkazo. Walihesabu mizani na kutunza vina, na utenzi una mizani nane katika kila kipande. Sasa, nyimbo nyingi za Kizungu zilizoletwa na misheni zina mistari ya silabi nane pia, na yamkini ndiyo sababu waliofasiri wakaridhika mapema: hesabu ilikuwa sahihi. Lakini hesabu siyo mwendo. Wimbo wa namna ile huanza kwa pigo jepesi na kuishia kwa pigo zito, ikawa silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane ndizo zenye nguvu. Ilhali Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na silabi ya mwisho kabisa huiacha ianguke pole. Twaa maneno mepesi ninayoyatunga hapa kwa mfano tu: *amani ije nyumbani*. Mizani ni nane kamili. Yaimbe juu ya mwendo ule: a-MA-ni-I-je-NYU-mba-NI. Nusu ya kwanza imekaa vyema. Nusu ya pili imevunjika, na silabi ya mwisho, ambayo msemaji yeyote angeitamka kwa upole, sasa yapigwa kwa nguvu na kuvutwa kwa pumzi nzima. Ni kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine: urefu wafika, mabega hayakai. Na si suala la uzuri tu, kwa sababu zipo silabi ambazo zikihamishiwa mkazo huhamisha maana. Mwenye kusema barabara kwa mkazo wa nyuma anataja njia, na mwenye kuuleta mbele anasema sawasawa.

Dawa yake waliivumbua watunzi wenyewe, kila mmoja kwa njia yake, nayo yaonekana wazi ukizichunguza nyimbo zilizodumu. Mstari huruhusiwa kuanza kwa pigo jepesi au zito, kama neno la kwanza litakavyo. Silabi ya pili kutoka mwisho huwekwa juu ya pigo zito na kupewa urefu. Na ile ya mwisho hushuka juu ya pigo jepesi, fupi, aghalabu kwa sauti ya chini kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo *nyumbani* hufungwa kwa m | r ndefu kisha d nyepesi, wala si kinyume chake. Mtu akiimba hivi, hata aliye mbali mlangoni husikia neno bila kitabu.

Ajabu ni kwamba mwalimu mwema zaidi katika jambo hili hakuwa wimbo wa Kiingereza wala wa Kijerumani, bali zaburi za Kigregoriani zilizokuwa zikiachwa wakati huo huo. Neno la Kilatini lenye silabi nyingi, kwa kawaida, haliweki mkazo katika silabi ya mwisho. Hivyo kanuni za zaburi za kale zimejengwa tangu asili kuupokea mkazo unaotangulia mwisho, zikiyaacha maneno mengi yapite juu ya sauti moja kwa mwendo wa kusema, na kugeuza sauti penye mkazo wa mwisho tu. Kiswahili huingia katika ukumbi huo kama mwenyeji. Ndiyo maana mashairi ya wimbo wa katikati, yakiimbwa na mtu mmoja anayejua kusoma, hueleweka kuliko wimbo wowote mwingine wa Misa. Nami husikitika nisikiapo mtunzi akiyalazimisha mashairi hayo yaende kwa mapigo ya kucheza, hata Zaburi ikatokea bila kusikika imesema nini.

Tumekwisha kuyataja mashairi. Tuutazame sasa muundo mzima, kwa kuwa ndio uliotoa jawabu la yale maagizo mawili ya Mtaguso. Agizo la Roma la tarehe 5 Machi, 1967, lilikemea wazi desturi ya kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa hata waamini wakanyamaza kabisa. Watunzi wetu hawakulazimika kubuni kitu kipya; kuongoza na kuitikia ni desturi ya kilimo, ya uvuvi, ya harusi na ya msiba. Wimbo ukagawanywa kuwa kiitikio na mashairi: kiitikio kifupi, cha wote, na mashairi ya kwaya au ya sauti moja. Kwa Walutheri nao ilikuwa vivyo hivyo; Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyefundisha Makumira, alikusanya tuni za makabila zikapewa maneno ya Kikristo, na wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, Mfurahini Haleluya, wenye beti za kusimulia na kiitikio cha kushangilia, umeingia katika vitabu vya makanisa ya mbali sana na Tanzania.

Lakini kiitikio huwa cha wote kwa sharti, si kwa jina. Mwamini asiyefundishwa huimba kwa raha kutoka A iliyo chini ya C ya kati mpaka D ya juu, na zaidi ya hapo hunyamaza au hupiga kelele. Mtunzi akiandika Do ni C, kisha akaipandisha sauti ya kwanza mpaka m ya juu, amewafunga watu wote midomo kwa herufi moja. Vivyo hivyo mtindo wa kupokezana, unaopendwa mno na kwaya zetu, ambamo besi hutangulia, sauti ya tatu ikafuata, na ya kwanza na ya pili zikaingia na maneno mengine: ni ustadi, sikatai, na katika shukrani baada ya komunio husisimua, bali katika kiitikio mtu wa kawaida hajui amfuate nani, naye huchagua kusikiliza. Kiitikio chema huanza pamoja, huishia pamoja, na utamu wa sauti nne huwekwa chini ya tuni, usiwe juu yake.

Kinanda cha umeme nacho kimeleta neema na balaa. Kile kitufe kinachohamisha ufunguo humwezesha mpigaji aliyejifunza C peke yake kuusindikiza wimbo wa Do yoyote. Kitufe kile kile humshawishi kuipandisha do kila beti ili kuongeza shamrashamra, hata beti ya nne ikawakuta waamini wamekwisha kuketi kimya. Ngoma za mashine ni mbaya zaidi, kwa kuwa hazipumui. Mpiga ngoma mwenye akili humsikiliza mwimbaji akivuta pumzi, akamngojea. Mashine haimngojei mtu, na watu mia tano chini ya bati hawawezi kuvuta pumzi kwa wasaa wa waimbaji thelathini waliofanya mazoezi Jumatano na Ijumaa.

Mahali pa kupimia haya yote ni komunio. Hapo waamini wako katika mstari, mikono haina kitabu, macho yatazama mbele, na wimbo hauna budi kudumu muda mrefu kuliko wowote mwingine. Kiitikio cha maneno sita au saba, kilichofundishwa mara mbili tatu kabla ya Misa, chaweza kuimbwa na mtu anayetembea. Wimbo wa kurasa tatu hauwezi. Tena wanakwaya wenyewe nao hukomunika, na kwa kitambo kizima sauti ya tatu na ya nne huwa zimeondoka mahali pao: mashairi yakabaki kwa mwimbaji mmoja, na kiitikio kikabaki kwa watu.