Mpira Uliosahaulika Kidoleni

Mvuvi wa Puta, Zambia, hushinda pekupeku ufukweni mwa Ziwa Mweru, miguu ndani ya maji na tope, akihangaika na nyavu za chisense, vidagaa vya ziwa hilo. Kucha ya kidole gumba ikianza kumchimba nyama, huivumilia mpaka itoe usaha. Akishuka hadi hospitali ya misheni ya St Paul's, Kashikishi, hutarajia jambo dogo: sindano, kucha ing'olewe, arudi ziwani. Upasuaji wenyewe ni mdogo kweli. Utata uko kwenye vitu viwili vidogo zaidi, mpira na fenoli.

Ganzi huchomwa pande mbili za shina la kidole, zinakopita neva. Kisha shina hufungwa mpira kuzuia damu. Mara nyingi mpira huo ni kidole cha glavu kilichokatwa ncha, kikavalishwa na kuviringishwa kurudi nyuma mpaka kiwe pete nyembamba. Daktari hukata kucha kwa urefu, ule upande uliozama tu, hadi chini ya ngozi. Hukibana kipande kwa koleo na kukizungusha taratibu kitoke kizima.

Kazi ikiishia hapo, kucha hurudi. Mzizi haujaguswa. Kung'oa kucha nzima, tiba ambayo wagonjwa wengi huiomba wenyewe, mara nyingi ni kuahirisha tatizo. Ndiyo maana njia aliyoieleza Otto Boll mwaka 1945 bado inatumika: kuunguza mzizi kwa fenoli, dawa ile ile aliyoitumia Joseph Lister kuua vijidudu vya vidonda kule Glasgow mwaka 1865. Adui wa fenoli ni damu. Ikichanganyika nayo hupungua nguvu, sehemu ya mzizi hubaki hai, na miezi kadhaa baadaye kipande cha kucha huchomoza pembeni kama mwiba wa samaki. Ikizidi, huunguza nyama isiyo na hatia.

Kwa hiyo mpira lazima ufungwe, na hatari kubwa kuliko zote imo humo humo. Pete ya glavu iliyolowa damu, ikishafunikwa na bendeji, haionekani. Kidole bado kina ganzi, mgonjwa hana la kulalamikia. Maumivu yakianza, huambiwa ganzi inaisha. Kidole kilichokosa damu hugeuka cheusi, na mwisho wake ni kukatwa. Mwaka 2009 shirika la usalama wa wagonjwa la Uingereza lilitoa tahadhari kuhusu jambo hili hili: vidole vya glavu visitumike, na kuondolewa kwa mpira kuandikwe. Pasipo kifaa maalumu, koleo lililobanwa kwenye mpira husaidia sana. Nani atafunga bendeji huku koleo linaning'inia?

Mengine ni ya kawaida, ingawa si mepesi. Mfupa uko milimita chache tu chini ya kucha, hivyo usaha uliopuuzwa huufikia upesi, hasa kwa mwenye kisukari. Kidonda cha fenoli nacho hutoa majimaji kwa wiki mbili hadi sita hata kama hakina maambukizi, na wakati wote huo kinataka usafi na ukavu.

Mvuvi ataupata wapi ukavu? Upande wa Zambia, uvuvi wa Mweru hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Muda huo unatosha kidonda kufunga, isipokuwa ndiyo miezi ya mvua, na tope liko mpaka mlangoni.