Kibwagizo cha "Amina" na Shairi la Msibani Nyakahanga

Msibani kwetu Nyakahanga, Karagwe, wasifu wa marehemu ukishasomwa na rambirambi kutolewa, huenda akasimama mtu na karatasi mkononi: ametunga shairi. Vina vinagongana vizuri, mizani haichechemei, lakini marehemu mwenyewe humuoni ndani yake. "Ulikuwa mtu mwema, mkarimu na mpole." Hesabu: mizani nane, kisha nane. Mshororo umekamilika, na unamfaa kila aliyewahi kuzikwa. Mtunzi alimpenda marehemu, sina shaka. Kilichopungua ni ufundi, na ufundi hufundishika.

Mwalimu wangu katika hili ni Shaaban Robert (1909–1962). Mkewe alipofariki alimtungia "Amina", shairi lililomo katika tawasifu yake, Maisha Yangu. Lina beti sita tu, za mishororo minne minne. Ukilisoma ukitafuta sifa za mke huyo, upole wake, upishi wake au ucha Mungu wake, huzipati. Shaaban hamwelezi Amina kwa waombolezaji, anazungumza naye. Neno la kwanza kabisa ni jina lake, na katika beti tano anasemeshwa kama mtu anayesikia. Ni ubeti wa tatu peke yake ambao mume anajigeukia mwenyewe, na huko ndiko majonzi yake yanakosemwa waziwazi. Kisha anarudi kwa mkewe.

Sasa tazama vina, maana hapa ndipo fundi anapojulikana. Vina vya mwisho vinaishia kwa irabu ile ile shairi zima. Vya kati hubadilika kila ubeti, isipokuwa kimoja: ubeti wa kwanza na wa sita vyote vina "-nga", na "-nga" ndicho kina cha kati cha kibwagizo, kinachosema habari ya pendo lisiloweza kufunguliwa na yeyote. Kwa hiyo katika beti nne za katikati kibwagizo kinasikika kama sauti ya pembeni, hakilingani na mishororo iliyokitangulia. Kwenye ubeti wa mwisho kinapatana nayo tena. Sikio linaipokea faraja kabla akili haijaijua.

Kuna zaidi. Kitenzi cha kujitenga, alichopewa Amina shairi linapofunguka, mwishoni yanapewa mauti. Mwanzoni aliyeondoka ni mke. Mwishoni, siku ya ufufuo, kinachoondoka ni kifo chenyewe. Hoja nzima ya ufufuo imebebwa na kitenzi kimoja kilichobadilishiwa mtenda.

Sisi wa Karagwe tuna hazina nyingine pia. Waimbaji wa enanga, ala ya nyuzi, ambao mtafiti Mugyabuso Mulokozi alizichambua tendi zao kwa kina, hawategemei vina kama watunzi wa pwani. Mapigo yao yanatoka kwenye nyuzi, na shujaa wao anajulikana kwa matendo: alikwenda wapi, alipigana na nani, alikufaje. Naamini shairi zuri la msiba wa Nyakahanga lichukue umbo la pwani na macho ya mpiga enanga.

Tufanye jaribio. Marehemu alikuwa mkulima wa ndizi. Badala ya kumwita mkarimu, kibwagizo kiseme: "Migomba uliyopanda, ingali yatushibisha." Mizani ni ile ile nane kwa nane, ila sasa kuna shamba, kuna kazi ya mikono yake, na kuna sisi tunaokula. Ukarimu umeingia bila kutajwa. Vina vya kati vya ubeti wa kwanza na wa mwisho viwe "-nda", ili vikutane na "uliyopanda". Vya katikati viende vinakotaka. Kama alikuwa muuguzi, tafuta kazi moja aliyoifanya usiku wa zamu. Kama alikuwa fundi cherehani, tafuta vazi moja ambalo bado linavaliwa kijijini.

Beti sita zinatosha; wasomaji wengi huvuka kumi na watu wamesimama juani. Na unaposoma, pumzika kidogo kati ya ukwapi na utao, yaani nusu mbili za mshororo, kisha kibwagizo ukiseme polepole kuliko mishororo mingine. Umati uliozoea kuitikia pambio hukikamata kufikia ubeti wa tatu. Wakishaanza kukisema pamoja nawe, shusha sauti yako uwaachie.